Umri wa Dawa Si Ushahidi

Katika mabishano ya tiba, hoja inayonyamazisha wengi ni kwamba dawa isiyofaa isingedumu karne na karne. Hoja hiyo ni potofu, na historia ya Ulaya inaivunja. Tangu enzi za Galen, tabibu wa karne ya 2, wataalamu wa huko waliamini kuwa maradhi huletwa na kuvurugika kwa majimaji ya mwili, hivyo walimchanja mgonjwa mshipa na kumtoa damu, awe na homa au kichomi. Desturi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 1,500, ikifundishwa vyuo vikuu. Desemba 14, 1799, George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliamka koo limevimba. Akatolewa damu mara nne, zaidi ya lita 2, na usiku huohuo akafa. Huenda koo lingemuua vyovyote vile, lakini tiba ile ilimdhoofisha alipohitaji nguvu zake zote.

Ilidumuje basi? Maradhi mengi huondoka yenyewe. Aliyepona huisifu dawa, na aliyekufa huambiwa alichelewa kuletwa, kwa hiyo dawa haishindwi kamwe. Kilichoifichua ni hesabu. Mwaka 1835, tabibu Pierre Louis wa Paris alichapisha takwimu za wagonjwa 77 wa kichomi. Kati ya 41 waliotolewa damu siku nne za mwanzo za ugonjwa, walikufa 18. Kati ya 36 waliotolewa baadaye, walikufa 9. Idadi ni ndogo, lakini ilitosha kutia shaka sifa ya karne nyingi.

Wapo watakaosema kwamba ninadharau mitishamba. La. Tu Youyou wa China alipata dawa ya malaria katika mmea wa jamii ya pakanga, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kikosi chake kilijaribu mamia ya dondoo za mitishamba ya kale, na nyingi zikashindwa. Ukale ulimwonyesha pa kutafuta; majaribio ndiyo yaliyothibitisha. Kwetu, mtoto mwenye homa na kuhara bado hung'olewa “meno ya plastiki”, ambayo ni chipukizi za meno yake halisi, huku ugonjwa wenyewe ukiachwa bila tiba na kidonda kikikaribisha pepopunda. Kumheshimu babu hakutulazimishi kumtoa mjukuu kafara. Anayetetea tiba hiyo atuonyeshe waliotibiwa wangapi, waliopona wangapi na waliokufa wangapi.