Lenzi ni Yangu, Umbali Uchague Wewe?

Mtoto wa jicho akishaondolewa, daktari huweka lenzi ndogo ndani ya jicho, nayo hukaa humo maisha. Tangu Harold Ridley aanze kazi hiyo kule London mwaka 1949, lenzi zimeboreshwa sana. Kilichobaki nyuma ni mazungumzo. Mgonjwa anapasuliwa, kesho yake anafunguliwa bandeji, anaambiwa: "Hongera mama, sasa unaona mbali!" Kwani nani alisema anataka mbali?

Lenzi ya kawaida, ile ya bei nafuu, ina umbali mmoja tu. Ukiwekewa ya mbali macho yote mawili, utasoma namba ya matatu ikiwa ng'ambo ya barabara, lakini bila miwani uzi hautaingia kwenye tundu la sindano. Fundi cherehani, msusi, mwalimu anayesahihisha madaftari: maisha yao yako kwenye urefu wa mkono.

Njia ipo. Jicho linaloongoza huwekewa lenzi ya mbali, la pili ya karibu, na ubongo hujifunza kuchagua. Lenzi ni zile zile za kawaida. Kinachobadilika ni hesabu. Labda ndiyo maana hatuisikii. Lenzi za bei ghali zina mabango, hii nani atailipia tangazo?

Lakini wanaoisifu nao wasitudanganye eti tutupe miwani. Macho yasipolingana, kukadiria kina cha ngazi au umbali wa gari usiku huwa kazi ngumu zaidi, na wapo ambao ubongo wao hukataa katakata. Dereva wa usiku na fundi wa kupanda majukwaa wafikirie mara mbili. Ikiwa bado unaona kiasi, omba ujaribu kwanza kwa lenzi za kuvaa. Hizo unazivua jioni. Ya ndani huivui.

Tutaambiwa foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Sawa, foleni tunaijua. Lakini jicho si lazima lipimwe ili nguvu ya lenzi ijulikane? Basi hapo hapo muulize mtu: macho haya unayafanyia kazi gani? Hilo ni swali la dakika moja, na jibu lake ni la miaka yote iliyobaki.

Nawe unayempeleka mzazi hospitali, usiulize bei pekee. Uliza: hii lenzi ni ya umbali gani, na kwa nini? Asiyeweza kukujibu hilo hajawa tayari kushika kisu.