Msimvue mtoto fulana, someni kwanza!

Jumapili, saa nne usiku, chumbani.

 Wadau, nina hasira. Nilipanga usiku huu nimalizie kazi ya semina ya kesho, lakini kila nikifungua daftari naona haiingii. Kwa hiyo kaeni mkao wa kula, leo natema nyongo kwanza, mambo ya semina baadaye.

Iko hivi. Dada yangu anakaa Tabata, ni fundi cherehani, na ana mtoto wa kiume wa miaka saba. Wiki iliyopita alikwenda Karume kutafuta vifungo na zipu, akakuta jamaa wanafungua belo la nguo za watoto. Mnajua tena belo likifunguliwa, hakuna anayepita hivi hivi. Akaokota fulana nyeusi kwa shilingi elfu mbili. Kifuani imeandikwa AC/DC, na katikati ya herufi kuna alama ya radi. Akaifua, akaipunguza mikono, akaipiga pasi. Leo asubuhi dogo akaivaa kwenda sande skuli, maana kwao nguo mpya inazinduliwa Jumapili.

Mwalimu wa watoto alipoiona akamsimamisha mbele ya wenzake. Akawaambia watoto kwamba herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, mpinga Kristo na mtoto wa shetani. Halafu akamvua. Mbele ya darasa zima! Mtoto akarudishwa nyumbani kajifunga khanga ya watu, fulana imeviringishwa kwenye gazeti kama samaki.

Mimi nikaja zangu mchana kwa ajili ya ubwabwa wa Jumapili (bumu lenyewe limeshaisha, msinicheke). Nikamkuta dogo kajibanza nyuma ya cherehani ya mama yake. Hataki kula. Akaniuliza, "Anko, eti mimi ni mtoto wa shetani?"

Jamani. Mtoto wa miaka saba.

Sasa tuanze na hizo herufi, kwa sababu uongo wote umejengwa juu yake. AC/DC ni bendi iliyoanzishwa mjini Sydney, Australia, mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young. Walizaliwa Glasgow, Uskoti, na familia yao ikahamia Australia mwaka 1963. Bendi ilipokuwa inatafuta jina, aliyelipata ni dada yao, Margaret. Alilipata wapi? Kwenye CHEREHANI! Aliona herufi hizo kwenye mashine ya kushonea, zikimaanisha kwamba inatumia umeme wa aina zote mbili. Watu wa injinia hapa chuoni watanisaidia: AC ni mkondo geu, huu unaotoka ukutani kwa TANESCO, na DC ni mkondo mnyoofu, ule wa betri. Basi. Vijana wakaona jina lina nguvu za umeme, wakalichukua, ndiyo maana na radi imo.

Na huyo huyo dada ndiye aliyempa Angus wazo la kupanda jukwaani na sare za shule: kaptula, koti na tai. Mpaka uzeeni bado anapiga gitaa na kaptula ya mwanafunzi. Hiyo ndiyo sura ya "mpinga Kristo" tunayotishiwa.

Haijaisha. Mtindo wa zile herufi ulichorwa na Mmarekani Gerard Huerta mwaka 1977, na mwenyewe ameeleza alikotoa wazo lake: Biblia ya Gutenberg, ile ya mwanzo mwanzo kuchapwa kwa mashine kule Ujerumani karne ya 15. Kwa hiyo mwalimu alimvua mtoto herufi zilizoigwa kwenye Biblia, tena ndani ya kanisa. We acha tu.

Nisije nikaambiwa naficha mambo, niseme na upande wa pili. Mwaka 1979 bendi hiyo ilitoa albamu inayoitwa Highway to Hell, na kwenye jalada Angus kavaa pembe na kashika mkia. Ni kweli, picha ipo. Kama fulana ya dogo ingekuwa na picha ile, hata mimi ningemwambia dada aiache kwenye belo. Lakini haikuwa nayo. Ilikuwa na herufi nne na radi.

Jioni nikaamua kwenda kwa yule mwalimu. Sikwenda kugombana, ni mama mtu mzima, nikamwamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamweleza yote haya taratibu, kuhusu cherehani, kuhusu Biblia. Akanisikiliza mpaka mwisho, na hapo nampa heshima yake. Kisha akasema, "Mwanangu, nyie wasomi mna maneno mengi. Mimi niliambiwa hivyo na watu waliotutangulia kwenye imani, na kazi yangu ni kulinda watoto. Heri nikosee kwa kulinda."

Hapo ndipo ninapokataa. Heri akosee nani? Aliyekosea ni yeye, aliyelia ni mtoto. Kama fulana ilimtia wasiwasi, angesubiri watoto watawanyike, amwite dada yangu pembeni waongee watu wazima kwa watu wazima. Mtoto hanunui nguo. Mtoto havuki barabara kwenda Karume na elfu mbili mkononi. Anaamka, anavalishwa, anatoka. Ukiwa na ugomvi na nguo yake, mtafute aliyemvalisha.

Halafu tuulizane ukweli wetu. Jumapili hii hii, kwenye darasa hilo hilo, dogo anasema kulikuwa na wenzake wawili wamevaa jezi. Tangu 2017 jezi za Simba na Yanga zimewahi kubeba kifuani majina ya kampuni za kubeti. Hakuna mtoto aliyewahi kusimamishwa mbele kwa hilo! Radi ya AC/DC haijawahi kula hela ya mtu hapa Tabata. Kubeti kumeshakula bumu za watu humu humu chuoni, na mnajijua, sitaji majina. Kama tunalinda watoto na kilichoandikwa kifuani, mbona tumeanza na fundi umeme tukamwacha mcheza kamari?

Nimerudi chuo, nikamsimulia mshkaji wangu wa chumbani, nikitegemea ataniunga mkono kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu wa rock humu ndani. Wapi! Naye akaja na lake: "Mtoto asivae bendi asiyoijua. Akivaa, ataje nyimbo tatu."

Duh! Kumbe mahakama ziko mbili. Ya kwanza inamvua mtoto kwa sababu bendi ni mbaya mno kwake, ya pili inamvua kwa sababu bendi ni nzuri mno kwake. Zote mbili zinamvua.

Ndugu yangu, nikikuuliza wewe utapona? Fulana yako ya Rolling Stones yenye ulimi nje, unamjua aliyeuchora? Alikuwa mwanafunzi kama sisi, John Pasche, wa chuo cha sanaa London. Mwaka 1970 alilipwa paundi 50 kwa kazi ile. Mwaka 2008 jumba la makumbusho la Victoria and Albert likanunua mchoro wenyewe kwa makumi ya maelfu ya paundi. Mshkaji hakujua, na nyimbo anazijua zote. Je, tumvue?

Na yule jamaa wa kituo cha Mwenge mwenye fulana ya Ramones, anayeamini kavaa nembo ya serikali ya Marekani? Hajakosea sana. Arturo Vega, rafiki yao aliyeichora, aliitoa kwenye muhuri wa rais wa Marekani, akamshikisha yule tai gongo la besiboli. Wale wanne wa mwanzo wote wameshafariki, wa mwisho ni Tommy mwaka 2014. Marehemu hawadai kutajiwa nyimbo. Kwanza fulana imeshanunuliwa mara ya kwanza huko ng'ambo, hela yao walishapata. Ikifika Karume ni nguo tu, inafunika mgongo wa mtu.

Sasa nije kwa hoja ya tatu, maana hii ndiyo inanipa shida kidogo. Dada mmoja wa sosholojia tuliyekaa naye kwenye ngazi za maktaba wiki iliyopita alisema: kwa nini mtoto wa Kitanzania abebe kifuani bendi za Wazungu? Mbona havai Mbaraka Mwinshehe?

Hapo nakubali nusu. Ningefurahi sana kumwona dogo na fulana ya Mbaraka, gitaa mkononi, imeandikwa Morogoro Jazz. Au Mlimani Park Orchestra, Sikinde yenyewe, iliyoanza 1978. Au NUTA Jazz ya 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma. Sisi nasi tuna bendi za zamani, tena tunazicheza kwenye kila harusi. Lakini jamani, fulana hizo ziko wapi? Nani anazichapa kwa saizi ya miaka saba? Mimi sijawahi kuziona dukani. Kwa fulana za kampeni sisi mabingwa, kila uchaguzi zinamwagwa, na watoto wanazilalia miaka mitano. Mwanamuziki akifa tunampigia wimbo wake redioni siku tatu, basi.

Na mitumba hatukuletewa na watoto. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa taratibu hadi 2019. Marekani ikakumbusha habari za AGOA, nchi yetu na jirani zake wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Hayo ni mambo ya wakubwa. Usije ukayamalizia kwenye kifua cha mtoto wa fundi cherehani.

Tena ukitaka kujua ulimwengu ulivyochanganyika, chukua fulana ya Queen. Ile nembo ya simba wawili na kaa aliichora mwimbaji wao, Freddie Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja Mji Mkongwe, 1946. Hiyo nayo tuiite bendi ya Wazungu?

Kwa hiyo msimamo wangu ni upi? Mtoto avae. Ila anayemvalisha ASOME. Asome mbele na asome NYUMA. Nasema nyuma kwa sababu maalumu: ile fulana maarufu ya Nirvana, yenye uso wa njano unaocheka huku macho yamekuwa alama za X, mbele inaonekana kama katuni. Nyingi za fulana hizo mgongoni zina tusi la Kiingereza. Nimeshaona mtoto wa kike kama wa miaka mitano kwenye daladala ya Mbagala kaivaa, mama yake kamshika mkono, nusu ya basi wanasoma mgongo wake na kuguna. Yule mama angemwuliza mtu yeyote anayejua Kiingereza, ingemchukua dakika moja. Tusi ni tusi, na picha ya maiti inayochuruzika damu si ya mtoto, iwe ya rock, ya rap au ya filamu. Hiyo ndiyo mipaka yangu, mtu asiyejua bendi hata moja anaweza kuitumia. Jina la bendi peke yake halimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni mtu mzima anayemwambia mbele ya wenzake kwamba yeye ni wa shetani.

Kabla sijaondoka Tabata nilimwita dogo kwenye cherehani. Ile ya dada ina mota ndogo pembeni, na kwenye kibandiko chake pameandikwa AC 220V. Nikamwambia soma. Akasoma, "A... C..." Akaangalia fulana iliyokuwa bado kwenye gazeti. Akaangalia tena mota. "Kumbe ni ya mama?" Nikamwambia ndiyo, ni ya kina mama wanaoshona. Akala ubwabwa. Ila fulana hakuivaa. Kasema ataivaa nyumbani tu.

Hilo la "nyumbani tu" ndilo limeninyima usingizi. Mwalimu aliniambia ataliombea jambo hili. Sawa, aombe. Mimi namwomba yeye jambo dogo zaidi: Jumapili ijayo amsimamishe dogo pale pale mbele, awaambie watoto wale wale kwamba alikosea. Aibu ilitolewa hadharani, irudishwe hadharani.

Ni hayo tu wadau. Sasa narudi kwenye semina, na najua kesho atakayeitwa kuwasilisha ni mimi. Mwenye fulana ya Mbaraka Mwinshehe ya saizi ya miaka saba anitafute, nalipa bumu likitoka.

Alamsiki.