Saratani hii tunaijua tangu leba

Saratani nyingi humvizia mtu. Ya shingo ya kizazi hukua kwa miaka bila maumivu, ya koo hugundulika chakula kikianza kukwama, na mwenye ya tezi dume hudhani ni uzee tu. Ipo moja ambayo hatari yake mkunga huiona leba, mtoto akiwa bado anafutwa. Mtoto aliyezaliwa na ualbino asipokingwa na jua, saratani ya ngozi inamsubiri. Hilo linajulikana siku ya kwanza, na bado tunawazika vijana.

Tuliweke sawa suala la urithi, maana maneno ya mtaani yamevunja ndoa nyingi. Ualbino hautoki kwa mama peke yake, wala si laana. Baba na mama, wote wenye ngozi nyeusi, kila mmoja amebeba nakala moja yenye hitilafu ya jeni ileile. Katika ukanda wetu mara nyingi ni ile iitwayo OCA2. Mtoto akirithi nakala mbovu kutoka pande zote mbili, mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha. Kwa wazazi hao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa namna hiyo.

Jeni hiyo yenyewe haileti saratani. Inamwondolea mtu kinga, kisha mionzi ya jua inaharibu vinasaba vya seli za ngozi mwaka hadi mwaka, mpaka seli zinaanza kukua ovyo. Hapa ndipo inapotofautiana na BRCA1, jeni ambayo ikiwa na hitilafu hupandisha sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Mwenye hiyo hana kofia ya kuvaa. Mwenye ualbino anayo, akipewa.

Wala si habari mpya. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha maelezo ya jinsi ngozi ya Watanzania wenye ualbino inavyoanza kuharibika utotoni. Huanza magamba kwenye sikio, shingoni au mdomoni. Katika hatua hiyo daktari huligandisha gamba kwa nitrojeni ya baridi kali, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Akicheleweshwa kwa dawa za kienyeji na nauli ya kuungaunga, linageuka kidonda kisichopona, na anafika hospitali kubwa kikiwa kimekula nusu ya uso.

Taifa lilipaza sauti, na kwa haki kabisa, watu hawa walipouawa kwa imani za kishirikina. Jua linawaua wengi zaidi, ila halina mtuhumiwa wa kufikishwa mahakamani.

Tazameni mstari wa shule saa nne asubuhi. Mtoto mwenye ualbino amesimama na shati la mikono mifupi, kaptula, kichwa wazi, kwa sababu kofia si sare. Mwalimu anayemvua kofia hana nia mbaya, hajaambiwa. Jioni mtoto huyohuyo anapelekwa shamba.

Kinga si ya anasa: kofia pana, mikono mirefu, kivuli, kukaguliwa ngozi mara kwa mara, na losheni ya kuzuia mionzi. Losheni hiyo hutengenezwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC, Moshi, kwa jina la Kilisun. Kinachotuudhi ni mazoea ya kuiona kama kipodozi, kitu cha kugawiwa mbele ya kamera kila Juni 13, siku ya kimataifa ya ualbino, kisha chupa ikiisha Julai basi.

Tunaitaka Wizara ya Afya ihakikishe losheni inapatikana zahanati mwaka mzima, kama chanjo, na kila mtoto mwenye ualbino aanzishiwe kadi ya kukaguliwa ngozi kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini. Wizara ya Elimu itoe waraka mmoja: kofia na mikono mirefu ni sehemu ya sare ya watoto hawa. Waraka huo hauhitaji bajeti, na unaweza kusainiwa wiki hii.