Kemia Inayosimama Kizimbani

Na Zuhura Mbwana

Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu makaburi ya waumini wa dhehebu moja katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, yaanze kufukuliwa, familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya ndugu zao mjini Malindi. Miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa ardhini, mingi ikiwa imeharibika kiasi kwamba sura wala nguo havikutosha kusema huyu ni nani. Vikabaki vinasaba: upande mmoja sampuli ya marehemu, upande wa pili mate ya mama au kaka yake, na katikati mtaalamu anayelinganisha.

Mtaalamu huyo vijana wengi wanamjua kupitia tamthilia, ambamo jibu hupatikana kabla ya tangazo la biashara. Mfupa uliokaa ardhini hauna haraka hiyo. Husafishwa, husagwa ukawa unga, ndipo vinasaba vitafutwe humo. Visipopatikana, kazi huanza upya.

Na kesi inaweza kufa kabla kielelezo hakijafika maabara. Shati lenye damu mbichi likitiwa kwenye mfuko wa plastiki, unyevu hubaki ndani, bakteria na ukungu hushamiri, vinasaba huharibika. Linatakiwa likaushwe, litiwe kwenye mfuko wa karatasi, lipigwe lakiri, na kila anayelipokea aandike jina lake, tarehe na saa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza kuwa safari ya kielelezo, tangu kinapokamatwa, ionekane kwenye maandishi. Mawakili wa utetezi wanaijua vyema hukumu hiyo. Ukurasa mmoja uliosahaulika unaweza kumpokonya mjane haki yake, na hilo linauma.

Anayeitaka kazi hii ya kuchunguza vielelezo maabara asiikimbie kemia kidato cha tatu. Kwa Tanzania, tahasusi za PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) humfikisha kwenye shahada ya kemia, baiokemia au baiolojia ya molekuli, kisha huangalia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, ambako Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hutafuta wakemia. Jeshi la Polisi nalo lina wachunguzi wake wa alama za vidole, silaha na nyaraka za kughushi. Kenya, maabara ya Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) ilizinduliwa Nairobi Juni 2022. Jina la shahada si hoja kubwa sana. Hoja ni saa alizokaa maabara, na uwezo wa kuandika ripoti ambayo hakimu asiyesoma kemia ataielewa, kisha kuitetea wakili anapomhoji bila huruma.

Zaidi ya yote, awe mtu asiyeegemea upande. Mwaka 1986, huko Leicestershire, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri kumuua msichana mmoja kati ya wawili waliouawa. Alec Jeffreys, aliyegundua mbinu ya kutambua watu kwa vinasaba miaka miwili kabla, alilinganisha sampuli: wasichana wote wawili walishambuliwa na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa kijana yule. Polisi walikuwa na maneno ya kukiri mkononi. Maabara ikasema hapana, na kijana akaachiwa. Muuaji halisi alihukumiwa Januari 1988.

Kwetu wapo wahitimu wa kemia wanaozunguka na bahasha za vyeti huku familia zikisubiri majibu. Serikali zetu zinapopanga bajeti ya haki jinai hufikiria magari na silaha kwanza. Vitendanishi vya maabara na ajira za wakemia ni lazima viwe na fungu lao, na vyuo vikuu viwapeleke wanafunzi kwenye maabara hizo wakati wa mafunzo kwa vitendo, wakaone kielelezo kikipokelewa mlangoni na kuandikwa kwenye daftari.