Ukoko mweupe kwenye birika la umeme si sumu

Mama mmoja aliyehamia Handeni kutoka Bungu, kule milimani Korogwe, anauliza: "Birika langu la umeme limeota ukoko mweupe ndani, na vipande vyake vinaelea kwenye chai. Nimeacha kumchemshia mtoto maji ya kunywa. Nimefanya sawa?"

Hapana mama, endelea kuchemsha. Ukoko huo ni chokaa iliyokuwemo kwenye maji yenyewe. Yakichemka, hujitenga na kuganda kwenye chuma cha moto. Maji ya chemchemi za milimani mara nyingi yana chokaa kidogo. Ya visima vya tambarare huibeba kutoka kwenye miamba huko chini. Birika ni lile lile, maji ndiyo yamebadilika. Mtoto akimeza vipande hivyo haviwi sumu tumboni. Vijidudu vya kuhara kwenye maji yasiyochemshwa ndivyo vya kuogopa.

Hata hivyo uondoe, kwani ukoko ukiwa mnene maji huchelewa kuchemka, uniti za Luku zinakwenda, na mwisho birika huungua.

Kamua malimao mawili au matatu kwenye nusu lita ya maji, au changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa. Mimina hadi ukoko ufunikwe, usijaze, maana hutoa povu. Chemsha, zima, chomoa waya, acha nusu saa. Mwaga, futa kwa kitambaa laini, suuza, kisha chemsha maji safi mara mbili na kuyamwaga. Ukiruka hatua hiyo, chai ya kesho itanukia achari.

Usikwangue kwa kisu wala waya wa kusugulia sufuria, na usizamishe birika kwenye beseni. Jik usiiguse kabisa kwa kazi hii: ikikutana na siki au limao hutoa gesi ya klorini, inayobana kifua, na jiko dogo lisilo na dirisha hulizidisha.

Ile nusu saa ya kusubiri ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Birika limejaa maji ya moto na mtoto wa miaka miwili anavuta kila waya unaoning'inia. Liweke juu, mbali na ukingo wa meza.

Kwa maji ya kisima, rudia kila mwezi. Ukikuta kutu au waya umechubuka, usihangaike na limao, nunua jingine.