Jiko la Mkaa na Mtoto wa Sikoseli

Mara nyingi tumewashauri wazazi wenye mtoto wa sikoseli, yaani selimundu, wamkinge na baridi, kwa kuwa baridi huamsha maumivu. Ushauri huo ni wa kweli, ila tumeutoa nusu. Hatukuongeza kwamba asipashwe joto kwa jiko la mkaa chumbani.

Huku Kibiti mkaa hautafutwi mbali. Magunia yake yako kando ya barabara ya Kilwa. Masika yakikaza huko delta ya Rufiji, au kipupwe cha Juni na Julai kikiingia, jiko lililopikia huletwa ndani, mlango hufungwa, na dirisha huzibwa kwa sababu ya mbu. Nyumba ya fito na makuti ilikuwa ikipumua yenyewe. Hii ya matofali na bati, ambayo sote tunaitamani, haipumui.

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, hivyo mkaa uliokolea, usio na moshi, ndio unaodanganya zaidi. Hewa hiyo huishika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwenye damu ya kutosha ana akiba kidogo. Mtoto wa sikoseli mara nyingi ana gramu 6 hadi 9 tu za himoglobini katika desilita moja ya damu. Akipokonywa sehemu ya hizo, ubongo na moyo vitapata nini?

Tangu miaka ya 1960 wapo wataalamu waliochunguza kama hewa hiyohiyo, kwa kiasi kidogo, ingezuia chembe za damu zisijikunje mfano wa mundu. Huzuia kweli, lakini himoglobini iliyoshikwa haibebi tena oksijeni. Hayo ni ya maabara yenye vipimo, na jiko halina kipimo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika na kulegea. Kwetu hiyo huitwa malaria papo hapo. Basi jiulizeni: je, nyumba nzima imeamka na kichwa, kisha kikapungua walipotoka nje? Mtoeni mtoto kwenye hewa safi kwanza, halafu mkimbizeni hospitali. Mtajieni daktari habari ya jiko, maana kile kipimo cha kubana kidole hakitofautishi hewa hiyo na oksijeni; kinaweza kuonyesha namba nzuri ilhali mtoto yuko hatarini.

Usiku wa baridi mvalisheni sweta na soksi, mpeni uji wa moto, mfunikeni blanketi mbili. Jiko lilale uani.