ELIMU YA UFUNDI: Gurudumu la Baiskeli Lisiloshika Katika Fremu

Nchi ya Sosiot, katika Belgut ya Kericho, ni nchi ya vilima, mvua na udongo mwekundu. Mtu atokaye nyumbani kupeleka maziwa au majani ya chai hana budi kupanda mlima mmoja na kuteremka mwingine kabla ya kufika aendako. Ingawa pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi ya kubeba mizigo, baiskeli ingali yamfaa mkulima, maana haili mafuta. Lakini katika nchi ya miteremko, gurudumu lisiloshika sawasawa katika fremu si jambo la kufanyia mzaha.

Baiskeli iliyozoeleka tangu zamani ni ile nyeusi ya chuma kizito, iliyopewa jina la Black Mamba. Ekseli yake ni chuma kisicho na tundu, na gurudumu hukazwa kwa nati mbili na spana. Siku hizi huonekana pia baiskeli za milimani, nyingi zikiwa mitumba kutoka ng'ambo, zisizo na nati hizo. Ekseli yake ina tundu toka mwisho hadi mwisho, na ndani yake hupita kijiti cha chuma chenye unene wa milimita 5. Upande mmoja wa kijiti pana mkono, na upande wa pili pana nati ndogo. Mkono ukilazwa gurudumu hufungwa, ukiinuliwa hufunguka.

Kifungio hiki kilitoka kwa wapanda baiskeli wa mashindano. Husimuliwa kwamba mwaka 1927 Tullio Campagnolo wa Italia alishindwa kulegeza nati za gurudumu lake katika njia ya mlimani, kwa sababu vidole vilikufa ganzi kwa baridi. Mwaka 1933 alianzisha kiwanda chake mjini Vicenza, na kifungio cha namna hii kikaenea duniani.

Basi, ugonjwa wenyewe huonekana hivi. Mwenye baiskeli amefunga mkono kwa nguvu zake zote, lakini akikanyaga pedali kupanda mlima, gurudumu la nyuma huteleza na kukaa upande. Mpira husugua fremu, na mnyororo hulegea. Yeye hudhani kifungio kimechoka. Hukaza zaidi, na kesho yake zaidi tena, hata kijiti kikatike. Kisha hununua kingine, na gurudumu huteleza kama kwanza.

Mara nyingi kosa halimo katika kijiti, bali katika urefu wa ekseli. Yafaa kufahamu kwamba ekseli hiyo haishiki fremu. Kazi yake ni kubeba koni na gololi, na ncha zake mbili kukaa ndani ya midomo ya fremu, yaani ile mianya ambamo gurudumu huingia. Kinachoshika fremu ni kule kubanwa kwake kati ya nati za ndani za ekseli na vichwa viwili vya kijiti. Ncha ya ekseli ikitokeza nje ya mdomo wa fremu, hata kwa milimita moja, kichwa cha kijiti huikuta ncha hiyo kwanza. Hapo nguvu yote ya mkono huibana ekseli, na fremu haipati kitu.

Vipimo vya kawaida ni hivi. Nafasi kati ya midomo ya mbele ni milimita 100, na ekseli yake huwa milimita 108. Nyuma, baiskeli nyingi za milimani zina nafasi ya milimita 135, na ekseli yapata milimita 145 au 146. Kwa hiyo kila ncha ya nyuma hutokeza kama milimita 5 kupita nati ya ndani. Mdomo mnene huificha ncha hiyo vizuri. Lakini fremu ya bei nafuu, iliyochongwa kwa bati jembamba, huenda isiifiche. Tena fundi akibadili ekseli iliyovunjika, aweza kutia iliyo ndefu mno, au ya urefu sawa lakini iliyosogea upande mmoja.

Kulipima jambo hili hakuhitaji chombo. Kijiti kitolewe, gurudumu liwekwe mahali pake, kisha kidole kipitishwe juu ya ncha ya ekseli, kila upande. Kidole kikikuta kishimo kidogo, ekseli ni sawa. Kikikuta ncha imelingana na uso wa fremu au imetokeza, ndipo ilipo shida. Ikiwa upande mmoja umetokeza na wa pili umezama sana, koni na nati za ndani zisogezwe hata ncha zilingane. Ikiwa zote mbili zimetokeza, ncha zipunguzwe kwa tupa, kidogo kidogo, na gololi zifunikwe zisiingiwe na unga wa chuma. Au inunuliwe ekseli ya urefu ufaao.

Wako wapendao kurudia ekseli ya nati, na kwa abebaye mizigo mizito si wazo baya. Lakini ekseli nyingi za nyuma zenye tundu zina unene wa milimita 10, na za zamani za nati huwa inchi 3/8, yaani kama milimita 9.5. Koni za moja zisilazimishwe katika nyingine. Zitaharibu njia za skrubu.

Ekseli ikiisha kuwa sawa, kifungio nacho kifungwe ipasavyo. Springi mbili za kijiti zitazame ndani kwa upande wao mwembamba, maana zikigeuzwa huweza kukwama. Nati ikazwe kwa vidole huku mkono ukiwa wazi, hata mkono uanze kuwa mgumu unapofika nusu ya safari yake, ukielekea nje moja kwa moja. Kisha usukumwe kwa kiganja hadi mwisho. Ukiacha alama katika kiganja, umefungwa vema. Ukifungika kwa kidole kimoja, haujafungwa. Kuuzungusha mkono kama nati ni kosa kubwa, maana humo ndani mna kipande cha mviringo kilichotobolewa kando ya katikati yake, nacho hukaza kwa kulazwa, si kwa kuzungushwa. Na kwa kuwa kubanwa huko huifinya ekseli kidogo, koni ziachiwe ulegevu mdogo sana, ambao utatoweka mkono ukifungwa. Zikikazwa kabisa kabla, gololi zitasagika.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 2015 kampuni ya Trek ya Marekani iliita baiskeli karibu milioni moja zilizouzwa Marekani na Kanada zikarekebishwe, kwa sababu mkono wa mbele ukiachwa wazi uliweza kunasa katika sahani ya breki na kulisimamisha gurudumu ghafula. Katika ajali moja mpanda baiskeli alipooza mikono na miguu. Ikiwa hayo yaliwapata watu wenye barabara laini, mtu ateremkaye kilima chenye matope, na mtungi wa maziwa nyuma yake, ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu.

Kila asubuhi, kabla ya kupakia mzigo, gurudumu la mbele liinuliwe na kupigwa kofi kwa nguvu kutoka juu, na la nyuma livutwe kushoto na kulia. Likisogea katika fremu, safari na ingoje. Kupima urefu wa ekseli ni kazi ya robo saa. Mfupa uliovunjika huchukua wiki nyingi kuunga, na wakati huo chai haingoji mchumaji.